Nyumba ya Kiwango

Kitambaa chenyewe kilikuwa kizuri, hilo hata wasiompenda Leokadia walilikubali. Uzi mweupe, pindo la maua ya njano, na katikati ndege wawili wanaotazamana. Wanawake wa Lihuluko hufunika kila kitu kwa vitambaa vya kufuma: redio, runinga, mgongo wa kochi, hata mtungi wa gesi ulioisha. Kwa hiyo Leokadia alipopanda juu ya stuli katika sebule ya Profesa Kiluvia na kulivika kitambaa jicho la ukutani la kupimia mionzi, hakuna aliyeshangaa. Bi Asumini, jirani yake wa miaka yote, alisema tu kwamba ndege wa kulia amenenepa kuliko mwenzake, huenda ana mimba.

Kilichomnenepesha ndege yule ni risasi, si ya bunduki bali ile nzito iliyomo kwenye betri za magari. Leokadia aliiyeyusha kwenye sufuria bovu nyuma ya bafu lake, akaimwaga juu ya bati, ikaganda vipande vyembamba kama chapati, akavikata na kuvishonea katikati ya tabaka mbili za uzi. Kitambaa kikawa kizito kama mtoto mchanga. Jicho lilipovikwa likaona kiza. Na ukuta wa mkabala, ambao hulisikiliza jicho hilo peke yake, ukadhani nyumba imepungukiwa mionzi, ukaanza kufungua vibao vyake: ta, ta, ta, kama mtu anayejivunja vidole.

Profesa aliinua uso kutoka kwenye gazeti, akauliza ukuta una nini leo.

"Unapumua," Leokadia alimwambia. "Na wewe pumua."

*

Nyumba ile ilijengwa kwa sheria. Bunge, lilipochoka na maandamano ya watu wa migodini, lilipitisha kwamba yeyote atakayesaini kiwango cha mionzi ambacho wananchi wanaruhusiwa kuishi nacho, naye atakwenda kuishi nacho, humo humo walimo, mpaka muda wake wa kazi uishe. Watu wakaiita sheria ya Humohumo. Kila mji wenye mgodi wa urani ukapata Nyumba ya Kiwango: ukuta mmoja wa matofali ya tope la mgodi, mbele yake vibao vya risasi vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe, na upande wa pili jicho la kioo linalopima. Mionzi ikipungua sebuleni, vibao vinafunguka. Ikizidi, vinajifunga. Mkubwa anakula kiwango alichowapikia wenzake, hakizidi hakipungui, na wananchi wanamchagua mmoja wao awe mlinzi wa ukuta, ahakikishe mkubwa hafungi vibao kwa siri.

Lihuluko walimchagua Leokadia kwa kunyoosha mikono, na mikono ile ilinyooshwa kwa furaha mbaya. Kiwango cha zamani kilikuwa milisiveti moja kwa mwaka. Profesa Kiluvia, mwenyekiti wa Baraza la Vipimo, alisaini ishirini. Wino haujakauka, lundo la tope lililokuwa limezungushiwa uzio ng'ambo ya kijito likasogezwa mpaka ubavuni mwa soko, maana sasa lilikuwa halali. Pale ndipo madereva wa malori waliposimama, na penye madereva ndipo pa kuuzia maandazi. Gaudensia, mtoto wa pekee wa kike wa Leokadia, alikaanga maandazi yake pale, mgongo kwenye lundo, mpaka damu yake ilipoanza kujila yenyewe. Siku ya kumzika alikuwa mwepesi hivi kwamba waliobeba jeneza walitazamana.

Leokadia alikwenda mbele ya Baraza. Alijiandaa kwa ugomvi, hata viatu alivaa vya chini ili asijikwae akianza kupaza sauti. Profesa hakugombana. Alimwambia kwa upole, mbele ya watu, kwamba hasemi si mionzi. Anasema hakuna mtu duniani anayeweza kujua. Kansa ya damu inawashika hata wa mijini wasiowahi kuuona mgodi. Kuiona tofauti inayoletwa na dozi ndogo namna ile kungehitaji kuhesabu watu malaki, na Lihuluko nzima haifiki hapo. Kama angemtukana, Leokadia angelia, angerudi nyumbani. Lakini kuambiwa kwamba kilichomla mwanao huenda kipo, huenda hakipo, kisha mwenye kalamu akafunga faili na kwenda kunywa chai, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa perege.

Tangu siku hiyo hakumpa tena shikamoo. Profesa alimzidi umri kwa mbali, lakini mji mzima ulimsikia Leokadia akimrushia "habari za leo" kama anamsalimu muuza nyanya wa rika lake, na mji mzima ulielewa.

Kulikuwa na jambo la beji pia. Zamani kila mkazi alivaa beji kifuani ya kuhesabu mionzi iliyompitia. Profesa alizifuta. Aliandika kwamba beji zinawatia watu hofu, na kwamba hofu nayo ni ugonjwa. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alilitegemea jicho, basi. Leokadia alipolitambua hilo, akiwa juu ya stuli anapangusa vumbi kwenye jicho lenyewe, alicheka peke yake mpaka ikabidi ashuke akae chini.

Kitambaa kilipokwisha kukaa sawa, alitoa kipimo cha mkono alichopewa na Baraza kwa kazi yake, akakisoma. Mtu anayekaa sebule ile mwaka mzima angepata tisini na kidogo. Kipande kimoja zaidi cha risasi na ingevuka mia. Hakukiongeza, na hakikuwa cha huruma kitendo hicho. Katika ripoti ya Profesa, ile iliyosomwa redioni mpaka watoto wakaikariri, imeandikwa kwamba chini ya mia hakuna madhara yaliyothibitishwa. Leokadia alimtaka chini ya mia. Aumwe au asiumwe, siku atakapojua, asipate pa kushika. Akae usiku na mchana akiusikiliza mwili wake kama yeye alivyokuwa akiusikiliza wa Gaudensia, na asiwe na neno la kumwambia mtu.

*

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba Profesa hakuwa mtu wa kuchukiza kwa karibu. Alikuwa mjane, hodari wa bao, anajipikia mwenyewe na hajui kupika, na anapenda kuulizwa maswali. Mchana mmoja, sebule ikiwa na wageni, Bi Asumini, ambaye haogopi mtu mwenye miwani, alimtaka ajibu kama mwanadamu na si kama redio: mionzi kidogo inadhuru au haidhuru?

Profesa alimega ugali wake, akaeleza kwamba wataalamu wenyewe wamegawanyika. Kundi moja linasema mionzi ni bahati nasibu ya shetani. Kila chembe inayokupitia ni tiketi. Ukiwa na tiketi chache nafasi yako ya kushinda ni ndogo, ukiwa na nyingi ni kubwa, lakini hakuna tiketi ya bure. Kundi la pili, lake yeye, linasema mwili una mafundi, na mafundi hao wanaziba ufa mdogo kabla haujawa mkubwa. Wanaelemewa tu nyufa zikiwa nyingi kwa mpigo.

"Ni kama chumvi," alisema. "Kula gunia, unakufa. Tia kidogo kwenye mboga, unapata ladha."

"Chumvi naionja, Profesa," Leokadia alisema kutoka jikoni. "Mboga ikizidi namwaga. Hiyo yako naionja na nini?"

Sebule ililipuka kwa kicheko. Profesa alicheka nao, kisha akawasimulia habari za kijiji alichokihamisha enzi za ujana wake, kwa sababu ya milisiveti tatu tu. Wazee walipelekwa kwenye mahema. Mvua za masika zikawakuta humo, nimonia ikawapitia mmoja baada ya mwingine, na waliosalia walikufa kwa kutotaka kula, wakiulizia makaburi ya kwao. Aliwazika yeye, na koleo alilishika. Ndipo alipoapa kwamba namba haitamfukuza tena mtu nyumbani kwake. Ishirini ilitoka hapo.

Leokadia alisikiliza, mwiko mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kufahamu kwamba mtu yule naye ana wafu wake. Hakumwonea huruma. Alijisemea kwamba wafu wa Profesa wanajulikana waliuawa na nini, wana mahema yao, wana mvua yao. Wa kwake alinyimwa hata hilo. Akarudi jikoni akakoroga mchuzi kwa nguvu mpaka ukamwagika.

Shida ya pili ilikuwa yeye mwenyewe. Leokadia hajawahi kukaa mahali peke yake zaidi ya muda wa kuchemsha chai. Akisimama kisimani, kisima kinajaa. Akikaa hospitalini kusubiri dawa, foleni nzima inageuka harusi. Alikuwa anakwenda asubuhi kukiangalia kitambaa chake, Bi Asumini akamfuata na umbea wa jana ambao haukuweza kungoja, wengine wakamfuata Bi Asumini. Kabla masika hayajaisha, sebule iliyotegwa kwa mtu mmoja ilikuwa na wanawake wanaochambua mchicha, vijana wanaotazama mpira kwenye runinga ya serikali, na watoto waliolala mkekani wakitokwa udenda. Profesa aliongeza vikombe. Alisema hajawahi kuishi nyumba yenye watu namna hii tangu mke wake afariki, na akamshukuru Leokadia mbele ya wote.

Alianza kuwafukuza. Aliwaambia mwenye nyumba anahitaji kupumzika. Profesa akasema hapana, nimepumzika vya kutosha. Aliwaambia kunguni wamo. Wakaja na dawa ya kunguni. Akaanza kuwapokonya watoto mkeka na kuutandika barazani, nao wanaurudisha. Haukupita muda Bi Asumini akaeneza kwamba Mama Gau, yaani Leokadia, anamtaka mzee kwa ajili yake peke yake, ndiyo maana hata kile kitambaa anakibadilisha mikao kila siku kama mwari anayepamba kitanda. Watu walilipokea hilo vizuri sana. Wakaja wengi zaidi, kuja kuona.

Na kati yao akaja Osmunda.

Osmunda alikuwa mke wa Sixbert, mtoto wa kiume wa Leokadia, dereva wa malori asiyeonekana nyumbani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia miezi ya mgongo kuuma, na kochi pekee la Lihuluko lenye mgongo mrefu wa kuegemea lilikuwa sebuleni kwa Profesa, chini kabisa ya ukuta wa vibao. Alilipenda. Alikuwa anaingia baada ya kupika, anavua kandambili, anaegemea, anafunga macho, na vibao vinafunguka nyuma ya kichwa chake bila yeye kujua.

Siku ya kwanza Leokadia alimwambia kochi lile lina vumbi. Siku nyingine alimwambia mimba ya kwanza huzaliwa kwao, aende kwa mama yake, atamtafutia usafiri. Osmunda alicheka, akasema nyumba ya mama yake haina umeme wala umbea, atakwenda kufanya nini. Leokadia alikaa akimtazama tumbo.

Jioni ile alikitoa kitambaa, akasema anakwenda kukifua. Nyuma yake vibao vikaanza kujifunga, ta, ta, ta, mpaka ukuta mzima ukanyamaza. Alikianika nyumbani kwake, uani, ndege wale wawili vichwa chini, na usingizi alioupata hakuwahi kuupata tangu msiba.

*

Kingebaki kwenye kamba, kama si taarifa ya habari.

Walikuwa wote pale, sebule imejaa, runinga inasema. Baraza la Vipimo linapendekeza kiwango cha Lihuluko kipelekwe kwenye miji yote yenye migodi, shule na masoko yake yakiwemo. Na ili kuwaondolea wananchi hofu, mwenyekiti atazungumza na taifa moja kwa moja kutoka Nyumba ya Kiwango, akiwa amezungukwa na majirani zake. Vijana walishangilia kwamba wataonekana. Profesa alitabasamu kwa aibu, akasema hotuba ameshaiandika, ni fupi tu. Akasimama awaonjeshe.

"Nitawaambia: nitazameni mimi," alisema. "Nimekaa humo. Nimenenepa. Watoto wanalala mkekani kwangu, mama mjamzito anapumzika kwenye kochi langu. Kama kingekuwa sumu, tungekuwa hapa?"

Osmunda, kwenye kochi, alijifunika uso kwa aibu ya kutajwa. Wengine walipiga makofi.

Leokadia hakupiga. Aliona masoko mengine, malundo mengine, wasichana wengine wamekaa na karai la mafuta, na mama zao wakienda mbele ya Baraza kuambiwa kwa upole. Mtu huyu atawafunga midomo kwa unene wake. Mtu mmoja mnene, nyumba moja, na siku ile mbele ya Baraza yeye mwenyewe alisema kwamba mtu mmoja haonyeshi kitu, kwamba inahitaji malaki. Kifo cha mmoja hakithibitishi. Unene wa mmoja unathibitisha. Hasira ilipanda kutoka kwenye nyayo, ya baridi, karibu tamu.

Alikwenda nyumbani. Kitambaa kilikuwa kimekauka. Alikishika muda mrefu, akawaza kochi. Akajiambia atalisogeza, na akalisogeza kweli, asubuhi yake, mpaka karibu na mlango, mbali na ukuta. Akajiambia siku zilizobaki ni chache. Akajiambia Osmunda ana mafundi wake mwilini, si ndivyo mzee anavyosema? Alilijua neno lile limetoka kinywa cha nani, akalitumia hivyo hivyo. Akapanda stuli, akakivika tena.

Osmunda aliingia mchana, akalitazama kochi lilipohamia, akaomba vijana wamrudishie lilipokuwa, kwa sababu mlangoni kuna upepo. Leokadia alikuwa jikoni. Alisikia miguu ya kochi ikikwaruza sakafu. Alisimama na kisu mkononi na kitunguu nusu, akasikiliza mpaka mkwaruzo ukaisha, akaendelea kukata.

*

Siku ya hotuba sebule haikuwa na nafasi ya kudondosha sindano. Watu wa kamera walibanwa kwenye kona, waya zao zikikanyagwa. Bi Asumini alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu na kujipaka poda mpaka shingoni. Birika kubwa la chai lilikuwa jikoni, maandazi yamepangwa. Profesa, kaunda suti mpya, alikuwa katikati, na Osmunda kwenye kochi lake chini ya ukuta, maana mwenye kamera alisema hapo anatoka vizuri.

Alianza vizuri mno. Alisimulia mahema na mvua. Alisimulia chumvi, akaiacha ile sehemu ya Leokadia. Alipofika penye "nitazameni mimi," mlinzi wa ukuta alisimama kutoka kwenye stuli yake na kuomba neno. Profesa, kwa furaha yake, aliliambia taifa kwamba huyu ndiye Mama Gau, jirani yake, mtu aliyechaguliwa na wananchi wenyewe, na angependa wamsikie.

Leokadia alivuta kipimo cha mkono kutoka kwenye mfuko wa gauni, akamkabidhi.

"Wasomee, Profesa."

Alikichukua akiwa bado anatabasamu, kwa sababu alijua kitakachosema: ishirini. Aliinamisha miwani. Tabasamu lilibaki usoni bila mwenyewe. Aligeuza kipimo, akakipiga kiganjani, akakisoma tena, kisha macho yakapanda taratibu mpaka kwenye kitambaa, kwa ndege yule mnene.

"Wasomee," Leokadia alirudia. "Watu wanasubiri."

"Tangu lini?" Profesa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu masika. Nilikifua mara moja nikakirudisha. Wasomee ni ngapi."

Hakusoma. Mwenye kamera alisogea na kuisoma yeye, bila kuelewa anachokisoma: tisini na mbili.

"Chini ya mia," Leokadia alisema, na sasa aliwaambia wote, taifa zima, sauti yake imetulia kama mtu anayesoma ratiba ya ibada. "Aliandika mwenyewe, chini ya mia hakuna kilichothibitishwa. Basi hakuna kilichoharibika. Kaa, Profesa. Maliza hotuba. Waambie wakutazame."

Hapo ndipo alipokuwa amemtaka kwa miezi yote ile. Akikaa, ameimeza tisini mbele ya nchi na ataimeza kila usiku wa maisha yake. Akilalamika, ameivunja ripoti yake kwa mdomo wake. Leokadia alimtazama usoni asipoteze hata kidogo. Aliona jasho likitoka chini ya nywele. Moyoni alimwita Gaudensia aje naye atazame.

Profesa hakukaa, wala hakulalamika. Alimgeukia Osmunda.

"Binti, inuka hapo," alisema. "Inuka, toka nje. Sasa hivi." Na alipoona Osmunda bado anashangaa, alivuka sebule kwa kukanyaga miguu ya watu, akamshika mikono miwili, akamvuta kutoka ukutani kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua anayo. "Watoto nao. Toeni watoto. Wote nje."

Kamera ilikuwa inaona. Nchi nzima ilimwona mwenyekiti wa Baraza la Vipimo akiukimbia ukuta wake na mama mjamzito mikononi. Vijana waliruka nje kupitia dirishani. Waya zilikatika. Bi Asumini, akiwa amebanwa mlangoni, alipata pumzi ya kumwuliza mzee kama mafundi wa mwilini leo wamegoma, na hata katika kusukumana kule watu walicheka, kicheko kibaya, kicheko cha watu waliokuwa wanakidai kwa miaka. Kiwango kilikufa pale pale. Hakuna mji mwingine ambao ungekikubali tena.

Leokadia alikishusha kitambaa. Vibao vikajifunga, kimoja kimoja, naye akasimama anavisikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo alioutunga.

*

Nje walikuwa wamemweka Osmunda kwenye benchi kivulini, mmoja anampepea, mwingine anamnywesha maji. Leokadia alitoka akiwa bado na moto wa ushindi mashavuni. Alitarajia kupokewa. Aliwaza hata atakavyolisimulia, sehemu ya kipimo ataiwekea mkazo gani. Alifika kwenye benchi, mahali pake pa siku zote karibu na Bi Asumini, na Bi Asumini hakusogea.

Alidhani hajamwona. Akamwambia, "Shoga, nipishe."

Bi Asumini alitazama miguu yake mwenyewe. Poda ilikuwa imemchirizika. Wajukuu wake wawili walikuwa miongoni mwa wale wa mkekani.

Osmunda alirudisha kikombe kwa aliyemnywesha. Alizungumza kwa heshima yote ya mkwe, bila kupandisha sauti, na ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Mama, umemwambia Profesa ulikifua, ukakirudisha."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nilikuwa nakaa wapi, ulipokirudisha?"

Leokadia Mapunda, ambaye mji mzima haukuwahi kumwona akikosa neno, alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumjibia. Mlangoni Profesa alikuwa amesimama, kaunda suti imechanika begani. Hakuwa na ushindi usoni. Alimtazama Leokadia kwa namna ambayo Leokadia hangeivumilia, kama mtu anayemtambua mwenzake.

"Kwenye kochi," Leokadia alisema. "Nilisikia vijana wakikurudishia. Nilikuwa namdai huyu damu ya wifi yako, Osmunda. Hakuna aliyetaka kunipa jibu."

"Wifi alishakwenda," Osmunda alisema, mkono tumboni. "Huyu bado hajafika. Akifika, akikua, siku moja akiumwa, nami nitakuuliza. Utanijibuje?"

Hakungoja. Alivaa kandambili zake, akaegemea bega la Bi Asumini, na wanawake wakainuka pamoja nao, na watoto wakawafuata wanawake. Waliteremka kuelekea kwa Bi Asumini, wengi kama wanaotoka kanisani, wakizungumza kwa sauti za chini zilizonyamaza kila mmoja wao alipogeuka nyuma.

Leokadia aliketi kwenye benchi tupu. Kutoka jikoni kwa Profesa, harufu ya chai iliyochemka kupita kiasi ilikuwa inatoka dirishani, chai ya watu wengi, na kwa muda mrefu hakukuwa na mtu wa kwenda kuiepua. Mwishowe Profesa aliingia ndani, akaiepua yeye.